Bundi wamezaa darini mwetu: tuwafukuze au tuwaache?

*"Naandika kutoka Bweyale, wilaya ya Kiryandongo, Uganda. Nyumba yetu ni ya mabati. Upande mmoja tunaishi, upande wa pili tunaweka mahindi ya kuuza. Tangu mwezi uliopita, kila siku kuanzia saa mbili usiku, darini kuna sauti kama ya mtu anayekoroma, na mara nyingine kama nyoka: shhhh, shhhh, mpaka alfajiri. Fundi alipanda na tochi akashuka mbio. Anasema kuna bundi mweupe na watoto wake wenye sura za kutisha, na harufu mbaya. Mama mkwe anasema bundi hakai kwenye nyumba isiyo na jambo, na kweli jirani yetu alifariki wiki mbili baada ya sisi kuanza kuzisikia hizo sauti. Shemeji anataka kuchoma pilipili awafukize. Mimi nina mtoto wa mwaka mmoja na nusu, naogopa magonjwa. Nina vifaranga pia. Panya nao wamejaa kwenye mahindi, nimeshanunua sumu. Hawa ndege tuwafukuze? Watakula vifaranga? Na ni kweli wanamaliza panya?"*

Dada, kabla ya yote, mambo mawili ya leo hii. Mzuie shemeji na pilipili yake. Na ile sumu ifungie mahali ambapo mtoto hafiki, usiitege bado. Mengine hayana haraka, tutayazungumza taratibu.

Pole kwa msiba wa jirani. Nitaurudia, maana nadhani ndio uliokufanya uandike.

Tuanze na sauti. Anayekoroma darini kwako ni kinda mwenye njaa. Bundi huyu mweupe, mwenye uso wa umbo la kopa kama lile la karata, halii "huu, huu" kama bundi wakubwa wa msituni. Yeye hupiga ukelele mkali kama kitambaa kinachochanwa, na makinda wake huomba chakula kwa sauti ndefu ya kukoroma, wote kwa pamoja, usiku kucha, mpaka walishwe. Ile "shhhh" ya nyoka ni kitisho: kinda akiona tochi hujitandaza, huinamisha kichwa, huyumba huku na huku na kutoa mlio wa nyoka. Fundi wako alikimbia sawasawa na kinda alivyotaka. Na hizo sura za kutisha ni kwa sababu makinda wa bundi huyu ni manyoya mororo meupe yaliyosimama, pua ndefu na macho meusi. Nimewashika wengi, na bado kila mara nikifungua sanduku la kiota nashtuka kidogo.

Sasa, kwa nini nyumba yako? Watu hudhani ndege huyu hutafuta nyumba za watu. Hapana, anatafuta vitu viwili tu: uwanda wa kuwindia na shimo lenye giza la kutagia. Ukiingia ndani ya msitu wa Budongo, pale miti imeshonana, humpati. Yeye ni wa nyika, mashamba, nyasi na pembezoni mwa miji, na eneo lenu lote la Kiryandongo na Masindi ni meza iliyoandaliwa kwa ajili yake: mahindi, mashamba yaliyolala, majani ya kando ya barabara. Shimo ndilo gumu. Hajui kujenga kiota. Zamani alitaga kwenye mapango ya miti mikubwa, au aliingia kwenye kiota cha fundichuma, yule ndege wa kahawia mwenye kishungi anayejenga jumba la vijiti na udongo lenye upana wa zaidi ya mita moja. Miti mikubwa yenye mapango mnajua imekwenda wapi, magunia ya mkaa yanapita barabarani kila siku. Ikabaki minara ya makanisa, majengo ya zamani ya kuchambulia pamba, na dari za nyumba ambazo fundi aliacha upenyo kati ya ukuta na bati. Ya kwenu ni mojawapo. Na chini ya dari hiyo mkaweka mahindi, mahindi yakaita panya.

Yaani bundi hakufuata mtu. Alifuata panya, na panya walifuata magunia.

Hapo ndipo nirudi kwa mama mkwe. Nakuomba usimcheke. Mimi nilikulia Bombo, na bibi yangu alikuwa akisikia bundi anatupa chumvi motoni kabla hajasema neno. Waganda wana ekiwuugulu wao na hawampendi vilevile, na Waswahili wa pwani wana jina babewatoto, ambalo lenyewe limejaa hofu. Imani iliyoenea hivyo haikutoka hewani. Ilitokana na watu kuona kitu kweli, kisha wakakiunganisha na kingine. Penye mgonjwa mahututi watu hukesha na taa huwaka. Anayekesha husikia sauti ambazo usiku mwingine angelala zikampita. Matanga yakija, chakula kinamwagika uani, panya wanatoka, na mwindaji wa panya anakuja. Kwa hiyo bundi na msiba huonekana pamoja mara nyingi kuliko kawaida, ila huyu hakumleta yule. Halafu kuna usiku ambao bundi alilia na asubuhi kila mtu akaamka salama. Huo hakuna anayeuhesabu. Nyinyi wenyewe mmewasikia zaidi ya usiku thelathini.

Kama familia yenu ni ya Kiislamu, kuna jambo jingine la kumwambia mama kwa adabu. Waarabu wa kabla ya Uislamu waliamini kwamba roho ya maiti hugeuka bundi, wakamwita hama. Katika hadithi iliyopokewa na Bukhari na Muslim, Mtume amelikanusha jambo hilo kwa jina lake, pamoja na kuamini nuksi za ndege. Nimeona wazee wakilipokea hilo kwa urahisi kuliko maelezo yangu yote ya sayansi.

Sasa vifaranga. Bundi huyu akionekana kwenye mwanga wa tochi huwa mkubwa, mabawa yakitanda hufika karibu mita moja, lakini ukimbeba ni kama umebeba manyoya matupu: gramu mia tatu na kitu, mara chache zaidi ya mia nne. Kuku mkubwa hamuwezi. Kifaranga aliyelala nje usiku anaweza kumchukua, sitakuficha, ila si tabia yake. Wanaokumalizia vifaranga mchana ni mwewe na kipanga, na usiku ni kanu, nguchiro wa alfajiri, paka wa jirani na panya wenyewe. Banda likifungwa jua likizama, hesabu yako na bundi imekwisha.

Acha nieleze anavyowinda, kwa sababu hapo ndipo utaona kwa nini panya ndiye riziki yake. Ule uso wa kopa ni sahani ya kukusanyia sauti. Manyoya magumu ya pembeni yanaelekeza kila mchakacho mdogo kwenye masikio, ambayo yamefichwa ndani na hayako sawa: tundu la kushoto liko juu kidogo kuliko la kulia. Panya akitafuna punje upande wa kulia, sauti inafika sikio la kulia mapema kwa sehemu ndogo mno ya sekunde, na ubongo wa bundi unajua: kulia. Ikitokea chini, sikio moja linaisikia kwa nguvu zaidi kuliko jingine, na ubongo unajua: chini, kiasi hiki. Watafiti wa Marekani walimfungia kwenye chumba chenye giza totoro, bila mwanga hata kidogo, wakamwachia panya kwenye majani makavu. Alimpata. Na panya hamsikii akija, kwa sababu ukingo wa mbele wa bawa una meno madogo kama chanuo, ukingo wa nyuma una nyuzi laini kama pindo, na juu yake kuna utando kama mahameli. Hewa inapita bila kupiga kelele.

Ulaini huo una gharama yake. Manyoya hayo hayazuii maji vizuri. Usiku wa mvua kubwa bundi hatoki, au akitoka hapati kitu, na makinda hupiga kelele hadi asubuhi. Ukiona wamezidisha siku ya mvua, ni njaa tu.

Swali lako la mwisho ndilo linalonihitaji niwe mkweli zaidi, kwa sababu sisi wapenda ndege tuna tabia ya kutia chumvi. Ndiyo, anakula panya wengi mno. Jozi moja yenye makinda hufikisha panya zaidi ya elfu moja kwa mwaka bila shida. Baba ndiye anayewinda wakati mama anaatamia kwa siku thelathini na kidogo, na baada ya hapo wote wawili wanatoka. Lakini panya wako ni wa aina mbili. Wale weusi wenye mikia mirefu wanaopanda kuta, waliokwishahamia kwenye magunia, bundi huwagusa kidogo tu, kwa kuwa yeye anawinda nje, juu ya majani. Anaowamaliza zaidi ni panya shamba, wale wenye tumbo la kijivu wanaofukua mbegu siku mbili baada ya kupanda. Na hao nao si mchezo: jike ana chuchu zinazoweza kufika 24, na anazaa kumi au zaidi kwa mkupuo. Kule Morogoro, Tanzania, watafiti waliwahi kufunika baadhi ya viwanja vya mahindi kwa nyavu ili wawindaji wasiingie, na vingine wakaviwekea nguzo za kutua na masanduku ya viota ya kuwaita bundi. Tofauti ya idadi ya panya ilikuwa ndogo kuliko walivyotarajia. Mvua nzuri ikinyesha, panya shamba huzaa kwa kasi kuliko mwindaji yeyote.

Kwa upande mwingine, Israel tangu miaka ya 1980 na kwenye mashamba ya michikichi ya Malaysia wameweka masanduku ya bundi kwa maelfu, na wakulima wanaendelea nayo kwa hiari yao. Lakini hayo ni masanduku mengi, kwa miaka mingi, na sumu ikipunguzwa. Jozi moja darini Bweyale itapunguza hasara kwenye shamba la karibu. Ghala lako haitalisafisha. Hiyo ni kazi yako: ziba mashimo kwa saruji na wavu wa chuma, pigilia kipande cha bati chini ya mlango, nyanyua magunia juu ya mbao na uyaachie nafasi ya nusu mita kutoka ukutani, kisha tega mitego kando ya ukuta, maana panya hupenda kupita wakigusa ukuta. Na paka mmoja mwenye njaa kiasi.

Na sumu? Soma karatasi yake. Ikiwa imeandikwa brodifakumu au bromadioloni, ni zile zinazozuia damu kuganda. Mwili hutumia vitamini K kutengeneza vitu vya kugandisha damu, na huitumia vitamini hiyo tena na tena. Sumu inakata mzunguko huo. Akiba ikiisha, panya anavuja damu ndani kwa ndani. Inachukua siku tatu hadi saba, na siku za mwisho anatembea kama mlevi mahali pa wazi. Panya wa namna hiyo ndiye rahisi kuliko wote kukamatwa, na sumu inakaa kwenye ini lake, kisha kwenye ini la bundi, kwa miezi. Utakuwa umeua mwindaji kwa panya yuleyule uliyetaka akuulie. Unga wa kijivu-mweusi wa zinki fosfaidi haumdhuru sana bundi anayekula mzoga, lakini kuku au mtoto akiula wenyewe ni hatari ya kifo. Na ikiwa ni chengachenga nyeusi ulizouziwa barabarani kwenye kikaratasi kisicho na jina, hizo mara nyingi ni dawa kali za wadudu wa shambani. Usizitumie kabisa, na usizitupe jalalani. Mtoto akiweka sumu yoyote mdomoni, usisubiri dalili wala kumpa maziwa kwanza. Kimbieni hospitali na mchukue na pakiti.

Kuhusu magonjwa: ungeniuliza nani wa kuogopwa darini, ningesema panya. Mkojo wake unapitisha homa ya leptospira, na viroboto wake ndio walioendeleza tauni kule West Nile, Arua na Zombo. Kwa bundi, hatari ni vumbi la kinyesi kikavu na vile vitonge vya manyoya na mifupa anavyotapika, ambavyo vinaweza kubeba bakteria. Usifagie pakavu. Lowesha kwanza kwa maji ya sabuni, funga pua na mdomo, vaa glavu au mifuko mikononi, nawa. Mtoto asiwepo. Na fundi akiona popo huko juu, asiwaguse.

Basi tufanyeje? Kuwafukiza sasa ndilo chaguo baya kuliko yote, hata ukiacha huruma kando. Wazazi watatoka, makinda hawawezi kuruka. Watakufa mmoja mmoja nyuma ya mbao, na harufu unayoilalamikia leo utaiona kama uturi. Moto na moshi kwenye dari kavu la mbao nisiuongelee. Tena Sheria ya Wanyamapori ya 2019 haimruhusu mtu kuua au kukamata ndege wa porini waliolindwa bila kibali.

Ningekuwa mimi, ningesubiri. Jike hutaga yai moja kila baada ya siku mbili hivi na huanza kuatamia mara moja, kwa hiyo makinda wako hawalingani. Mkubwa anaweza kumzidi mdogo kwa wiki mbili. Kwa maelezo yako nakadiria mkubwa ana wiki tano au sita. Huruka wakiwa na wiki nane au tisa, kisha hurudi kulala kiotani wiki chache zaidi. Jipe miezi miwili. Wakati huo tandika turubai kuukuu darini mahali kinyesi kinapodondokea (fundi apande mchana, haraka, bila tochi usoni mwao), na mtoto alale chumba cha mbali na hapo.

Kelele zikinyamaza kabisa, kaeni nje jioni tatu mfululizo kuanzia saa moja mpaka saa mbili, mkiangalia ule upenyo. Kama hakuna anayetoka, fundi apande ahakikishe, halafu afunge siku hiyohiyo. Usichelewe, kwa sababu panya wakiwa wengi bundi wanaweza kutaga tena.

Kama unataka wabaki jirani bila kulala juu ya kichwa chako, muwekee sanduku kabla ya kufunga dari, mwezi mzima mapema, alizoee. Mbao za kawaida zinatosha: sakafu ya sentimita 60 kwa 40, mlango wa sentimita 13 hadi 15, na kutoka mlango hadi sakafu kuwe na sentimita 45 ili kinda asidondoke kabla ya siku yake. Litundikwe mita nne au zaidi kutoka ardhini, mgongo kwa upande mvua inakotokea, na uso kwa mashamba. Si kwa barabara ya Gulu! Bundi huyu huruka chini chini, na malori humwua, hasa pale mahindi yanapomwagika lami na panya wanapokusanyika. Nikuonye pia kwamba nyuki hulipenda sanduku kama hilo kuliko bundi. Wakiingia, mwite mfuga nyuki.

Kuna hali ambazo ushauri wangu wa mbali hautoshi. Kinda akidondoka akiwa mzima, jifunge kitambaa kizito mikononi, mrudishe alikotoka. Bundi hamkatai mtoto wake kwa kuguswa na mtu. Akiwa amevunjika, amelegea, au anatoka damu mdomoni, mweke kwenye boksi lenye giza na matundu, usimlazimishe maji, wasiliana na ofisi ya Mamlaka ya Wanyamapori iliyo karibu. Hifadhi ya Murchison haiko mbali nanyi, na kituo cha elimu ya wanyamapori cha Entebbe hupokea ndege majeruhi. Ubao wa dari ukianza kupinda, fundi aje siku hiyo. Na yeyote nyumbani akipata homa kali, macho ya manjano, au tezi zilizovimba kwapani au kwenye kinena, aende kituo cha afya na aseme wazi kwamba mnaishi na panya.

Jambo la mwisho ni la mama mkwe. Fundi akishuka na vile vitonge vyeusi vinavyong'aa, ukubwa wa kidole gumba, vichukue vichache. Viloweke kwenye bakuli kuukuu yenye maji ya sabuni kwa saa moja, vipasue kwa kijiti. Bundi humeza panya mzima, kisha hutapika manyoya na mifupa, kwa hiyo ndani utakuta mafuvu kamili yenye meno ya manjano ya mbele. Mkae uani mhesabu pamoja, yeye na wewe, kitonge kwa kitonge. Mkimaliza, niandikie ni mafuvu mangapi.